Kikohozi Chako, Mapafu ya Bibi: Mambo ya Kujua Kuhusu Usugu wa Antibiotiki kwa Wazee

Leo siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo, tuongee jambo linalotuhusu sisi tunaotumwa dukani. Maana tusidanganyane, mzee akianza kukohoa nyumbani, anayepewa noti na kuambiwa "hebu kimbia hapo duka la dawa" ni mimi na wewe. Mama yuko kwenye biashara, baba yuko kazini, sisi ndio tuko karibu.

Sasa basi, kile tunachonunua pale kaunta, na kiasi tunachonunua, kina uhusiano mkubwa na kama dawa itafanya kazi siku mzee atakapougua kweli. Na si dawa anazokunywa mzee tu. Hata zile unazokunywa wewe ukiwa na mafua zimo kwenye hesabu. Hapo ndipo watu wengi wanashangaa, kwa hiyo twende taratibu.

Niseme mapema: mimi si daktari. Ni kijana niliyemaliza kidato cha sita, napenda kusoma na kuulizauliza. Haya niliyokusanya ni ya kukupa mwanga, ya matibabu mwachie mwenye taaluma.

NIMONIA NI KITU GANI?

Nimonia ni maambukizi ndani ya mapafu. Wengi mtaani wanaita kichomi, kwa sababu ya yale maumivu ya ubavuni mtu akivuta pumzi. Ndani ya mapafu kuna vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Kazi yake ni kupokea hewa ya oksijeni na kuipitisha kwenye damu. Vikishambuliwa vinajaa usaha na majimaji, hewa inakosa pa kupita. Ndiyo maana mgonjwa anahema kama mtu aliyetoka kukimbia wakati amelala kitandani.

Nimonia inaweza kuletwa na virusi, bakteria au fangasi. Kwa upande wa bakteria, anayetajwa zaidi kwa nimonia ya mtaani anaitwa nyumokokasi. Huyu jamaa ana tabia moja ya kuishika akilini: anaweza kukaa puani na kooni mwa mtu mzima wa afya bila kumsumbua hata kidogo. Watoto wadogo ndio wanaombeba kwa wingi. Anasubiri tu apate mtu ambaye ulinzi wake umelegea.

Mafua na vikohozi vingi vya kawaida vinaletwa na virusi. Antibiotiki haiui virusi. Ukimeza antibiotiki kwa mafua, mafua yataisha kwa muda wake yenyewe, wewe utaisifia dawa.

KWA NINI INAWAANDAMA WAZEE?

Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Lakini mapafu hayasomi sera, yanachoka kidogokidogo. Sababu kubwa ni hizi:

- Njia ya hewa ina vinyweleo vidogo vinavyosukuma makohozi na uchafu kwenda juu. Uzeeni kazi hiyo inapungua, na mzee hana tena nguvu ya kukohoa kwa kishindo.

- Mzee anapaliwa kirahisi. Mate au chakula kinaingia njia ya hewa badala ya njia ya chakula, pamoja na bakteria wa mdomoni. Aliyewahi kupata kiharusi ndiyo zaidi.

- Kinga ya mwili inapungua kasi. Jeshi lipo, ila linachelewa kuamka.

- Wengi wana magonjwa mengine tayari: kisukari, moyo, figo. Na bibi zetu wengi wamepikia kuni na mkaa miaka nenda rudi, moshi wote umepita kifuani.

- Wazee wameshatumia antibiotiki mara nyingi maishani na wamelazwa mara nyingi kuliko sisi. Kila mara ni nafasi ya kukutana na bakteria sugu.

KWA MZEE HAIJI KAMA ULIVYOZOEA

Hapa soma mara mbili, maana ndipo familia nyingi zinapochelewa. Kijana akipata nimonia anachemka homa, anakohoa, anashika ubavu. Mzee anaweza asichemke kabisa. Kikohozi kinaweza kuwa kidogo tu. Badala yake utaona vitu kama hivi: ameanza kuchanganya mambo, anakuita jina la marehemu mjomba, hataki kula, amelala mchana kutwa, au ameanguka chooni bila sababu inayoeleweka. Watu wanasema "uzee huo". Kumbe ni mapafu.

Madaktari wana kipimo rahisi cha kukadiria hatari, na hakihitaji hata maabara. Wanaangalia mambo manne: je, mgonjwa amechanganyikiwa? Anahema mara 30 au zaidi kwa dakika? Shinikizo la damu limeshuka, yaani namba ya juu chini ya 90 au ya chini 60 kwenda chini? Ana miaka 65 au zaidi? Kila "ndiyo" ni pointi moja, na pointi zikiongezeka hatari inaongezeka. Ona sasa, babu wa miaka 70 ana pointi moja kabla hata hajaanza kukohoa.

La kuhema unaweza kulihesabu mwenyewe. Chukua simu, weka dakika moja kamili, tazama kifua kinavyopanda. Ukiona kinakaribia 30, au mzee amechanganyikiwa ghafla, safari ni ya hospitali. Duka la dawa halitoshi hapo.

DAWA INAUAJE, NA BAKTERIA ANAKWEPAJE?

Bakteria ana ukuta unaomzunguka. Ukuta huo unajengwa na kukarabatiwa muda wote na mafundi wake wa ndani, yaani vimeng'enya. Penisilini na ndugu zake, kama amoksisilini, zinawang'ang'ania wale mafundi mikono. Ukuta haujengwi, bakteria anapasuka, kwisha habari yake. Sisi binadamu seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa inaweza kumpiga yeye ikatuacha sisi.

Bakteria naye si mjinga. Ana mbinu zake:

Kwanza, anabadilisha umbo la wale mafundi ili dawa isiwashike vizuri. Hii ndiyo mbinu ya nyumokokasi dhidi ya penisilini. Usugu wake huu una ngazi. Mara nyingi dawa ikiwa ya kutosha mwilini bado inamshinda, ila ikiwa pungufu anaponyoka. Hapo unaona kwa nini nusu dozi ni hatari.

Pili, anatengeneza kimeng'enya cha kuikatakata dawa kabla haijafika. Hii ni mbinu ya akina Klebsiela, bakteria mwingine wa mapafu anayependa sana hospitali.

Tatu, anabadilisha sehemu nyingine inayolengwa na dawa, au anaweka pampu ya kuitapika dawa nje. Nyumokokasi anatumia mbinu hizi dhidi ya azithromaisini na jamaa zake.

Kumbuka neno moja: anayekuwa sugu ni bakteria. Watu wanasema "mwili wangu umeizoea dawa". Hapana. Mwili wako haujazoea kitu. Wadudu unaowabeba ndio wamebadilika, na hao wanahama kutoka kwako kwenda kwa mwenzako kwa kukohoa, kupiga chafya, kushikana mikono.

WANAGAWANA MBINU

Mwaka 1928 daktari mmoja wa Uingereza, Frederick Griffith, alichapisha jaribio lililowaacha watu mdomo wazi. Alikuwa na nyumokokasi wa aina mbili: wenye ganda, wanaoua panya, na wasio na ganda, wasio na madhara. Akawaua wale wabaya kwa joto, akawachanganya na wale wapole walio hai, akawachoma panya sindano ya mchanganyiko huo. Panya wakafa. Alipopima damu akakuta nyumokokasi hai wenye ganda. Yaani wapole walikuwa wameokota "ujuzi" kutoka kwa maiti! Mwaka 1944 Oswald Avery na wenzake wa New York wakaonyesha kwamba kilichookotwa ni vinasaba, yaani DNA.

Habari hii ya zamani inatuhusu kwa sababu nyumokokasi anafanya hivyohivyo kwa usugu. Kooni mwetu kuna bakteria ndugu zake wengi wasio na madhara. Wakishakuwa sugu, nyumokokasi anaweza kuokota vinasaba vyao akavifanya vyake. Kwa hiyo antibiotiki uliyomeza bure kwa ajili ya mafua inafundisha bakteria wote wa koo lako, hata wale ambao hawakuwa na shida na mtu.

HADITHI YA BWANA X

Mwaka huohuo wa 1928 Alexander Fleming aligundua penisilini pale Hospitali ya St Mary's, London. Mwaka 1945 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Howard Florey na Ernst Chain. Kwenye hotuba yake ya Desemba 1945, badala ya kujisifia tu, akatoa onyo kwa kutumia mfano. Nausimulia kwa maneno yangu.

Kuna Bwana X, koo linamuuma. Anajinunulia penisilini mwenyewe, anakunywa kidogo. Haitoshi kuua bakteria, inatosha kuwafundisha. Anamwambukiza mkewe. Mke anapata nimonia, anapewa penisilini, haifanyi kazi. Mke anafariki. Fleming akauliza nani wa kulaumiwa, na jibu lake lilikuwa Bwana X.

Angalia vizuri nani kafa. Bwana X mwenyewe alipona koo akaendelea na shughuli zake. Aliyelipa ni mtu mwingine wa nyumba ileile. Sasa kwenye nyumba zetu za uswahilini, ambako vizazi vitatu vinalala chumba na sebule, mweke bibi mahali pa yule mke. Utaelewa kichwa cha habari cha makala hii.

UNATAKA USHAHIDI?

Kuna watu watasema huo ni mfano tu. Haya. Mwaka 2007 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ubelgiji. Watu 224 wenye afya njema waligawanywa: wengine wakapewa azithromaisini, wengine dawa ya ukoo huohuo iitwayo klarithromaisini, wengine vidonge visivyo na dawa. Wakapimwa bakteria wa kooni. Waliomeza dawa halisi, idadi ya bakteria sugu kooni iliruka juu ndani ya siku chache tu, na usugu uliendelea kuonekana hata baada ya siku 180. Miezi sita, mdau! Dawa ya siku chache tu.

Azithromaisini inapendwa kwa sababu unameza mara moja kwa siku na dozi ni fupi. Lakini inatoka mwilini polepole sana. Kwa siku nyingi baada ya kidonge cha mwisho inabaki kidogokidogo, kiasi kisichoua, kiasi cha kufundisha. Wanaipenda wengi, na gharama yake haionekani kwa macho.

TUMETOKEA WAPI

Miaka ya 1940 na 1950 penisilini ilikuwa muujiza. Mwaka 1967 Australia ikaripotiwa nyumokokasi kutoka kwa mgonjwa ambaye penisilini haikumshika kama kawaida. Wengi wakaona ni jambo dogo. Mwaka 1977 hapa barani kwetu, Durban, Afrika Kusini, wakapatikana nyumokokasi sugu kwa penisilini waliokuwa wakiugua nao watoto. Muda mfupi baadaye Johannesburg wakakuta walio sugu kwa dawa nyingi kwa mpigo. Kuanzia hapo dunia nzima ikajua kwamba ile dawa ya kuaminika kwa kichomi si ya kuaminika tena moja kwa moja.

Kisha likaja tatizo la hospitali. Mzee akilazwa kwa kitu kingine, tuseme nyonga imevunjika, anaweza kupata nimonia hukohuko wodini. Wadudu wa wodini ni wengine: Klebsiela, Pseudomonasi, Asinetobakta, Stafilokokasi. Wengi wao wameshakutana na dawa za kila aina. Wapo Klebsiela wanaokatakata seftriaksoni, ile sindano inayotumika sana hospitalini. Ikishindikana hiyo, daktari anaenda kwenye kundi la meropenemu, ambayo ni ghali na haipatikani kila mahali. Na mwaka 2009 kikatangazwa kimeng'enya kiitwacho NDM kinachoweza kuharibu hata hizo. Ikifika hapo inabaki dawa ya zamani kama kolistini, ambayo inaweza kuumiza figo. Figo za mzee wa miaka 80 unazijua zilivyo.

JIRANI YETU

Nitoe mfano wa karibu. Mtaani kwetu kuna babu mmoja, fundi cherehani mstaafu, umri miaka 78. Alianza na kikohozi. Wajukuu wakanunua vidonge vya rangi mbili, vinane, kwa sababu hela iliyokuwepo ilitosha vinane. Duka silitaji, na hilo si duka pekee linalouza kwa kuhesabu. Akapata nafuu kidogo, vikaisha. Wiki iliyofuata wakanunua aina nyingine, "ile kali". Siku ya tano babu akaanza kuongea na watu wasiokuwepo. Majirani wakasema uzee, mwingine akasema mambo ya kienyeji.

Alipofikishwa hospitali alikuwa anahema vibaya. Wakamwekea oksijeni, wakaanza sindano, siku mbili hakuna mabadiliko. Wakachukua makohozi wakayaotesha maabara, jibu likaja kwamba bakteria aliyemo ni sugu kwa ile sindano ya mwanzo. Wakabadilisha. Babu alipona, ila karibu mwezi mzima ulikatika, na mwanawe akauza pikipiki iliyokuwa inalisha nyumba. Cherehani hajaigusa tena, mikono haina nguvu.

Siwalaumu wale wajukuu. Hakuna aliyenunua vinane kwa dharau. Ni ufukwe. Lakini hesabu ya mwisho ilikuwa pikipiki.

NAMBA ZINASEMAJE

Utafiti mkubwa wa dunia uliochapishwa kwenye Lancet mwaka 2022 ulikadiria kwamba mwaka 2019 usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27, na ulihusika kwenye vifo milioni 4.95. Maambukizi ya mapafu ndiyo yaliyoongoza: zaidi ya vifo 400,000 vilivyotokana moja kwa moja na usugu. Eneo lililoathirika zaidi kwa uwiano wa watu lilikuwa Afrika Magharibi.

Mwaka 2024 watafiti haohao wakatoa hesabu nyingine ya kuanzia 1990 hadi 2021. Vifo vya usugu kwa watoto chini ya miaka 5 vilipungua kwa zaidi ya nusu. Kwa watu wa miaka 70 na zaidi viliongezeka kwa zaidi ya asilimia 80. Soma tena hapo. Watoto tumeanza kuwaokoa kwa chanjo, maji safi na huduma bora, wakati kwa wazee mambo yanaharibika. Makadirio yao ni kwamba kati ya 2025 na 2050 watu milioni 39 watakufa kwa usugu moja kwa moja, hali isipobadilika.

Korona nayo ilitia chumvi kwenye kidonda. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilieleza Aprili 2024 kwamba kati ya wagonjwa wa UVIKO-19 waliolazwa, asilimia 8 tu walikuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki. Waliopewa antibiotiki? Karibu asilimia 75.

"NIPE ILE KALI"

Tunapenda sana maneno haya. Lakini hakuna dawa kali kwa kila kitu, kuna dawa inayomfaa mdudu fulani. WHO imezigawa antibiotiki kwenye makundi matatu, ambayo mimi nayaita ya kuanzia, ya tahadhari na ya akiba. Amoksisilini iko kundi la kwanza. Azithromaisini na seftriaksoni ziko la tahadhari, maana zinachochea usugu zaidi. Za akiba ni za mwisho kabisa, kama kolistini. Mwaka 2024 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 angalau asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu duniani ziwe za kundi la kwanza. Tanzania nayo ina mpango wa taifa wa kupambana na usugu tangu 2017, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2028.

Ukiomba "kali" kwa kikohozi cha mafua, unachukua silaha ya akina babu unafukuzia nzi.

SASA TUFANYEJE?

Mambo ya kufanya ukiwa wewe ndiye unayetumwa:

1. Ukiwa na mafua au kikohozi cha siku mbili tatu na unahema vizuri, usinunue antibiotiki. Kunywa maji, pumzika, tumia dawa ya kushusha homa.

2. Antibiotiki ikiandikwa na daktari, nunua zote alizoandika, kwa siku alizoandika. Usipunguze na usijiongezee. Hela ikipungua, rudi kwa daktari umwambie ukweli, mara nyingi ipo ya bei nafuu inayofanya kazi ileile.

3. Usigawane dawa. Vidonge vilivyobaki vya dada si vya bibi.

4. Mzee akipelekwa hospitali, ongea. Taja dawa zote alizomeza miezi mitatu iliyopita, hata za dukani, na kama alilazwa. Daktari anachagua dawa kwa kuangalia hayo. Beba maganda ya vidonge kama yapo.

5. Uliza: "Daktari, tunaweza kuotesha makohozi kabla ya kuanza dawa?" Si kila hospitali ina uwezo, na mgonjwa mahututi hasubirishwi. Ila kuuliza si ujinga. Na ikifika siku ya tatu hakuna nafuu, usibaki nyumbani kuvumilia.

6. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, apimwe TB. Wazee wanapata TB pia, na antibiotiki za kubahatisha zinaweza kuificha kwa muda huku anaambukiza nyumba nzima.

7. Mdomo wa mzee usafishwe kila siku, hata kama yamebaki meno mawili. Ale akiwa amekaa, asilishwe amelala. Akiwa kitandani, mgeuze, mkalishe, mtembeze anavyoweza. Haya hayana gharama na yanapunguza kupaliwa.

8. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka wodini na ukiingia kumhudumia. Ukiwa na mafua, kaa mbali kidogo au ziba mdomo na pua.

9. Wapeleke watoto kliniki wapate chanjo zote.

Hiyo ya mwisho usiirukie, ina hesabu tamu. Kumbuka nilisema watoto ndio wabebaji wakubwa wa nyumokokasi. Marekani ilianza kuchanja watoto mwaka 2000. Kati ya 1999 na 2004, maambukizi makali ya nyumokokasi wasiosikia vizuri penisilini kwa watu wa miaka 65 na zaidi yalishuka kutoka 16.4 hadi 8.4 kwa kila watu 100,000. Karibu nusu! Na wazee hao hawakuchanjwa chanjo hiyo, waliochanjwa ni wajukuu. Kenya ilianza mwaka 2011, na ufuatiliaji wa Kilifi ulionyesha ugonjwa mkali wa aina zilizomo kwenye chanjo ukishuka kwa asilimia 92 kwa watoto chini ya miaka 5, huku ukipungua pia kwa watu wazima ambao hawakuchanjwa. Tanzania nasi tunayo tangu mwanzoni mwa 2013, mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Zipo pia chanjo za nyumokokasi za watu wazima wenyewe. Ukipata nafasi muulize daktari kama mzee wako anaweza kuipata na kwa bei gani.

MASWALI YANAYOULIZWA SANA

Je, nikimeza antibiotiki bila ulazima, mimi nitapata madhara gani? Unaweza kupata tumbo la kuhara, mzio, na utabeba bakteria sugu kwa miezi. Siku ukiugua kweli, unaanza na dawa ambayo wadudu wako wameshaijua.

Je, dawa za asili zinaua bakteria sugu? Tangawizi na asali vinalainisha koo, hilo sawa. Nimonia ya mzee haitibiwi kwa chai ya tangawizi. Mpe chai akiwa njiani kwenda hospitali.

Je, antibiotiki mpya zikitengenezwa si yataisha? Zinatengenezwa chache na polepole, na zikija zinakuwa ghali. Bakteria wanajifunza haraka kuliko viwanda. Bora tutunze tulizonazo.

Je, muuza dawa akinishawishi ninunue? Mwambie kwa heshima unataka cheti kwanza. Na wapo wauza dawa wazuri tu ambao wenyewe watakwambia "huyu mzee mpeleke hospitali". Ukimpata wa hivyo, mshike, ni mtu wa thamani.

Basi wadau, kwa leo naishia hapo. Ukipata la kuongeza, hasa kama unasoma udaktari, ufamasia au unafanya kazi maabara, uwanja wa maoni uko wazi hapo chini, nirekebishe au uongezee. Na kama kuna mzee nyumbani, leo ukirudi mhesabie pumzi kwa dakika moja akiwa mzima, uandike namba hiyo mahali. Siku akiumwa utajua imepanda kiasi gani, na utakuwa na kitu cha kumwambia daktari.